Kitambaa Alichokileta Toader

Toader alishuka kwenye basi dogo la Relu akiwa amekumbatia mfuko wa nailoni kifuani, kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Sanduku lake aliliacha garini. Jibini, viazi na chupa za pilipili alizopewa na majirani aliziacha zishushwe na wenye mikono mitupu. Mfuko ule hakuuachia.

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye lango la uani kwangu, nje kidogo ya mji wa Rovigo, Italia, nimevaa barakoa, sijui nimpe mkono au nisimpe. Tumezaliwa kijiji kimoja, tumechunga ng'ombe pamoja. Ulikuwa mwisho wa Julai, mwaka ule wa kwanza wa korona, na joto lilikuwa limekaa juu ya mashamba ya mahindi tangu asubuhi.

"Usimguse," Relu aliniambia kabla sijaamua. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kuendesha gari, na kaptura yake imejaa makombo. "Amri mpya imetoka tukiwa njiani, Hungary. Yeyote anayetoka kwetu anakaa ndani siku kumi na nne. Nimeisikia redioni, nikadhani ni utani."

"Si utani?" Toader aliuliza.

"Cheka basi tuone kama ni utani."

Toader hakucheka. Alitazama ng'ambo ya mfereji, kwenye kivuli cha miti mirefu iliyopandwa kwa mstari. Mke wake Saveta alikuwa amesimama pale na baiskeli, amevaa gauni la maua na barakoa nyeupe. Kati yao kulikuwa na maji ya kijani na daraja fupi ambalo bata wangelivuka kwa dakika moja.

"Saveta!" aliita.

"Baki hapo hapo! Usivuke! Watoto wa Bibi Ersilia wameshanipigia simu, wamesikia habari!"

"Nimekaa kwenye kiti siku mbili, magoti yamekuwa kuni. Nisivuke hata daraja?"

"Hata daraja!"

Alisimama kidogo, akahamishia mfuko mkono wa pili. "Umenenepa!" alipaza sauti.

"Na wewe umezeeka! Na vaa hiyo barakoa vizuri, pua iko nje kama ya mbuzi!"

Hivyo ndivyo walivyosalimiana baada ya mwaka mzima wa kuonana kwenye simu. Saveta alipanda baiskeli akaondoka haraka, na kwa namna alivyoinamisha kichwa nilijua analia. Toader alibaki akitazama mpaka gauni likapotea nyuma ya mahindi. Kisha akanigeukia.

"Nionyeshe gereza langu, Gavril."

Gereza lilikuwa chumba changu cha zana. Mimi ni mwashi, na mle ndani kulikuwa na ngazi, ndoo na mashine ya kuchanganyia zege. Nilivitoa vyote nje, nikaweka kitanda, meza na jiko dogo la umeme. Choo cha uani nikamwachia yeye. Halafu nikachukua chokaa nikachora mistari miwili uani, mmoja wake na mmoja wetu wengine, na kati yake mita mbili. Nilipima kwa futi yangu ya kazi. Nilimweleza kwamba mtu yeyote akija, asimame kwenye mstari wa huku, na yeye kwenye mstari wa kule.

"Umechora vizuri," alisema. "Kama uwanja wa mpira. Nani refa?"

"Askari wa doria. Wanapita wanapotaka."

Toader alikuwa hajawahi kwenda popote isipokuwa jeshini. Kule kijijini ana ng'ombe wawili, bustani ya matunda ya plamu na nyumba aliyoijenga mwenyewe kwenye kiwanja cha mama mkwe wake, Mama Casandra. Hawakujaliwa watoto. Saveta alipokuja Italia kumtunza Bibi Ersilia, mjane wa miaka zaidi ya tisini, alisema ni kwa miaka miwili ili paa jipya liezekwe. Paa liliezekwa. Likafuata tangi la maji, kisha magonjwa ya Mama Casandra, na miaka miwili ikawa minane. Saveta alikuwa akirudi kila Agosti na kuondoka kabla plamu hazijaiva. Miaka yote hiyo Toader aliishi na mama mkwe wake, wawili tu, wakigombania chumvi.

"Alikuwa ananiambia ugali wangu ni wa kulishia bata," alinisimulia siku ya kwanza, yeye amekaa kizingitini, mimi nimekaa juu ya ndoo upande wangu wa mstari. "Nikamwambia, mama, mbona sahani yako tupu? Akasema, nawaonea huruma bata."

Majira ya baridi yaliyopita Mama Casandra alikaa kwenye mtambo wake wa kufuma. Wanawake wa kwetu wakizeeka hufuma wenyewe vitambaa vitakavyogawiwa siku ya arobaini yao, ili wasiwaachie wengine kazi hiyo, na ili wasifumiwe vibaya. Alifuma vya majirani, cha padri, cha wachimba kaburi. Cha mwisho kilikuwa cha Saveta. Kilikuwa cheupe, na mistari myekundu pembeni, na kilikuwa kirefu kupita kiasi.

"Nikamuuliza, mama, hiki ni cha kufungia ng'ombe? Akasema, uzi ulikuwepo, nikaendelea."

Moyo ulimsimama mwishoni mwa Juni, Jumatatu alfajiri. Haikuwa korona, lakini alizikwa kama wa korona, na watu wachache waliosimama mbali mbali. Ndege hazikuwepo. Saveta angeondoka kwa njia ya basi, asingeruhusiwa kurudi kwa wakati, na Bibi Ersilia hakuwa na mtu mwingine wa kumgeuza kitandani. Mpwa wangu wa kike aliyekuwa amshikie nafasi alikuwa amekwama kijijini kwetu. Kwa hiyo Saveta aliona mazishi ya mama yake kwenye simu iliyoshikwa na jirani, na jirani mwenyewe alikuwa akitetemeka, hivyo sehemu kubwa aliona miguu ya watu.

Siku mbili kabla ya kufa, mama mkwe alimwita Toader kitandani. Kwetu kila kitu husafiri na Relu. Jibini, dawa, viatu, hata keki ya harusi iliwahi kufika Rovigo ikiwa nzima. Mama Casandra alijua hilo.

"Akaniambia, kitambaa cha mwanangu usimpe Relu. Umpe mwenyewe, mkononi. Nikamwambia sawa. Akasema, sema tena. Nikasema tena. Ndiyo maana niko hapa, Gavril. Ng'ombe nimemwachia dada yangu, na dada yangu anawaogopa ng'ombe."

Sadaka ya marehemu kwetu haiwekwi chini, wala haiachwi juu ya ukuta. Inatoka mkono huu, inaingia mkono ule, na anayepokea anasema, "Mungu amrehemu." Hapo ndipo imefika. Inaweza kutolewa kabla ya arobaini, lakini arobaini ikishapita roho imekwenda zake, na kilichobaki ni kitambaa tu.

"Itawezekana," Toader alisema. "Natoka Jumamosi, siku kumi na nne zikiisha. Arobaini ni Jumapili. Mungu ameipanga yeye mwenyewe."

Basi akakaa. Sijaona mtu akikaa karantini kwa bidii namna ile. Asubuhi alifagia upande wake wa ua. Alinoa mapanga yangu, majembe yangu na fyekeo ambalo lilikuwa halijakata kitu tangu nilinunue. Alitengeneza viti viwili vilivyovunjika. Mbu walimla kila jioni, naye akawasifu kwamba ni wakubwa na wenye afya, si kama wa kwetu. Kila siku mama mmoja wa ofisi ya afya alipiga simu kuuliza hali yake. Toader hajui Kiitaliano, kwa hiyo niliiweka simu kwenye sauti ya juu nikasimama mstarini na kutafsiri.

"Anauliza una joto?"

"Mwambie joto liko nje, aje alichukue."

"Anauliza kama unasikia ladha ya chakula. Ni dalili."

"Nasikia ladha zote. Mwambie supu yako nikiila nasikitika kwamba nazisikia."

Nilimwambia mama yule kwamba hali ni nzuri.

Saveta alikuwa na saa mbili za mapumziko mchana, Bibi Ersilia akilala. Siku chache za mwanzo hakuja, aliogopa watoto wa Bibi wangesikia. Jumatano alikuja. Aliegemeza baiskeli langoni, akasimama kwenye mstari wetu, na Toader akatoka akasimama kwenye mstari wake. Alikuwa amenyoa ndevu na kujikata kidevuni. Mimi nilijifanya napanga matofali.

"Unakula?" Saveta aliuliza.

"Gavril anapika."

"Nimeuliza unakula?"

"Kidogo."

Walizungumza habari za ng'ombe, za paa, za jirani aliyekufa na yule aliyeolewa. Sauti zao zilikuwa za watu wanaoongea juu ya ukuta wa sokoni. Kisha Saveta akasema, "Nimemwomba padri wa huku anisomee jina la mama ile Ijumaa."

"Ijumaa gani?"

"Ijumaa ya wiki ijayo, ya arobaini."

"Arobaini ni Jumapili," Toader alisema.

"Ijumaa."

"Jumapili, mke wangu. Tumemzika Jumatano, hesabu mwenyewe."

Saveta alishusha barakoa, akairudisha. "Umehesabu tangu kuzikwa?"

Toader alianza kuhesabu kwa vidole.

"Toader! Nani anahesabu tangu kuzikwa? Mama amekufa Jumatatu! Roho ilingoja padri amalize kula ndiyo ianze safari?"

"Baba yangu tulihesabu tangu kuzikwa."

"Baba yako alikufa asubuhi akazikwa jioni kwa sababu ya joto! Unatoka lini humo?"

"Jumamosi," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Niliacha kupanga matofali. Saveta aliutazama mstari wa chokaa miguuni pake kama mtu anayepima mfereji kwa macho kabla ya kuruka. Halafu akasema kwa sauti ya chini, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi kuliko kelele, "Sikumfunga macho. Sikumvalisha. Niliona viatu vya watu kwenye simu. Hiki kimoja tu, Toader. Nitaingia. Nitaacha kazi leo, nitaingia humo chumbani nikae na wewe mpaka mwisho."

Alinyanyua mguu. Kwa kweli aliunyanyua.

"Rudisha mguu," Toader alisema.

"Usiniamuru."

"Rudisha. Bibi Ersilia saa kumi nani atamwamsha?"

"Watoto wake."

"Mmoja yuko Milano, mwingine anaogopa hata kufungua dirisha. Uliniambia mwenyewe." Alipanua mikono ikabaki wazi. "Sikiliza, Saveta. Basi lilikuwa na watu wanane na mmoja alikohoa njia nzima. Sijui nimebeba nini. Sikuja huku kumuua mama wa watu ili tumuage vizuri mama yetu."

Saveta aliurudisha mguu. Alipanda baiskeli bila kuaga. Toader aliingia ndani akafunga mlango, na siku hiyo fyekeo halikunolewa.

Relu, ambaye kama dereva amri haikumhusu, aliporudi Jumamosi na mizigo mingine, alisikia habari zote kabla hajazima injini. Relu ni mtu mwema, lakini hawezi kuona fundo bila kutaka kulikata.

"Tatizo liko wapi?" alimwuliza Toader kutoka langoni. "Nipe mimi kitambaa. Nampelekea sasa hivi, namwekea mkononi, nasema maneno yote. Nimepeleka majivu ya mtu mpaka Torino, nitashindwa kitambaa?"

"Alisema usipewe wewe."

"Mimi kwa jina?"

"Kwa jina."

Relu aliumia kidogo. "Nilimletea marehemu dawa miaka sita."

"Alikupenda. Alisema unaendesha vizuri. Lakini kitambaa usipewe."

"Basi toka alfajiri ya Ijumaa. Uko hapa, daraja lile pale, askari wamelala. Unampa, unarudi. Siku moja kabla! Virusi vina kalenda?"

"Ndiyo hivyo," Toader alisema. "Havina. Kwa hiyo siwezi kujua kama vimeondoka Ijumaa au Jumamosi. Mimi nimeambiwa Jumamosi."

"Kichwa kigumu kama kwato," Relu alisema, akapanda garini. Alituachia tikiti maji juu ya nguzo.

Toader hakuingia ndani. Alikaa kwenye kiti alichokitengeneza, akaufungua ule mfuko wa nailoni kwa mara ya kwanza mbele yangu. Ndani yake kulikuwa na mshumaa wa nta, kijiti cha mrehani mkavu, na kitambaa. Alikikunjua juu ya magoti. Kilishuka mpaka chini. Aliendelea kukikunjua, kikaendelea kuja.

"Ona," alisema. "Cha kufungia ng'ombe."

Nilisogea mpaka mstarini nikione. Mikono yangu imezoea kupima, hata bila futi. Nilikitazama kitambaa, nikatazama chokaa. Nilisita, maana si desturi yangu kutoa shauri kwa watu wanaoomboleza.

"Toader," nilisema. "Shika ncha moja, uitupe nyingine huku."

Hakuelewa, lakini alisimama kwenye mstari wake akaishika ncha moja, akarusha. Ile nyingine ilianguka miguuni pangu, na ilizidi mstari kwa kiganja kizima.

Tuliangaliana.

"Mtu akishika huku," nilisema, "na wewe ukishika huko..."

"Ni mkono kwa mkono," alisema. "Hakuna kilichowekwa chini. Hakuna Relu."

Papo hapo akaingiwa na wasiwasi. Yeye amekigusa kitambaa, amekikumbatia njia nzima. Nilimpigia simu yule mama wa ofisi ya afya. Nilitokwa jasho kumweleza, kwa sababu Kiitaliano changu ni cha mchanga na saruji, si cha roho na arobaini. Aliniomba nirudie polepole. Kisha akasema kitambaa kianikwe nje juani mpaka siku hiyo na mtu yeyote asikiguse, wote wawili wavae barakoa, wasafishe mikono, na wabaki kwenye mistari yao. Mwisho akauliza marehemu alikuwa anaitwa nani. Nikamwambia.

Tukakianika kwenye kamba yangu ya nguo, kutoka upande wake mpaka upande wetu. Kikakaa pale siku zote zile, jua kali na umande. Toader alikilinda dhidi ya ndege kwa kokoto.

Kilibaki chakula. Sadaka ya arobaini bila mkate haitolewi, na mkate wenyewe ni ule wa kusokotwa wenye tundu katikati. Toader hakuruhusiwa kupika kitu kitakacholiwa na mwingine. Saveta ndiye mpokeaji, hawezi kujiokea. Nilibaki mimi. Sijawahi kuoka chochote maishani. Alhamisi alasiri nilifungua dirisha la jikoni, na Toader akasimama kwenye mstari wake kama kocha.

"Kanda! Usiubembeleze, kanda!"

"Umenata kwenye vidole."

"Ongeza unga. Unga, si saruji! Mama Casandra angekuona angekufa tena."

"Sasa nasokotaje?"

"Kama mkia wa farasi. Kamba tatu. Hiyo umeikosea, imekuwa kama nyoka aliyekanyagwa."

Wa kwanza uliungua chini na kuwa mbichi juu. Tuliutupia bata wa mferejini, na Toader alisema mama mkwe wake alikuwa sahihi kuwahurumia. Wa pili ulitoka umekaa upande, lakini ulikuwa na rangi, ulikuwa na tundu, na nyumba nzima ilinuka kama nyumba ya kwetu.

Saveta alikuwa hajarudi tangu ile Jumatano. Nilimwandikia ujumbe mfupi tu, nikamwambia aje Ijumaa mchana na asiulize. Alijibu kwamba Ijumaa hana haja ya kuja kutazama watu kutoka mbali. Nilimwonyesha Toader. Alifikiri kidogo.

"Mwandikie kwamba mama yake alifuma kirefu."

Nikaandika hivyo hivyo.

Ijumaa alikuja. Alikuwa amevaa nguo nyeusi na kitambaa cheusi kichwani, na baiskeli yake aliisukuma kwa mkono njia yote, kama mtu anayetembea nyuma ya jeneza. Toader alikuwa amesimama mstarini tangu mapema, amevaa shati jeupe, amefunga vifungo mpaka shingoni katika joto lile. Saveta alikitazama kitambaa kilichoning'inia kambani. Aliutambua ufumaji wa mama yake kabla hajafika. Niliona bega lake likishuka.

"Ni hicho?"

"Ni hicho," Toader alisema. "Safisha mikono, ushike ncha ya huko. Mimi sijaigusa tangu Jumamosi."

Alisafisha mikono kwa dawa. Aliitoa ncha yake kwenye kamba, na Toader akaitoa yake. Mimi nilipitisha mkate kwenye kitambaa, ncha ya Saveta ikaingia tunduni, nikausukuma kwa fimbo ya kuchanganyia rangi mpaka karibu na mikono ya Toader, bila yeye kuugusa. Kisha niliwasha mshumaa wa nta nikausimamisha juu ya nguzo ya lango, na kile kijiti cha mrehani kando yake. Hakukuwa na upepo hata wa kulaza mwali.

Walikishika kitambaa kikanyooka. Kilikuwa cheupe kupita kiasi juani.

"Saveta," Toader alisema. "Hiki ni cha mama yako Casandra. Amekifuma yeye, kwa mikono yake. Mkate ni wake. Mwanga ni wake. Nakupa."

Alinyanyua mikono juu ya kichwa ili mkate uteleze. Mkate uliteleza, ukafika katikati, ukakwama kwenye fundo la uzi mwekundu.

"Tikisa," nilinong'ona.

Alitikisa. Mkate ulizunguka ukabaki pale pale, umekaa upande kama ulivyookwa.

"Nani ameoka huu?" Saveta aliuliza.

"Gavril."

Saveta alicheka. Kicheko kilitoka bila yeye kutaka, kikageuka kilio katikati, kikarudi kuwa kicheko. "Mama angeuona..."

"Nimeshamwambia," Toader alisema. "Shusha mikono, nami nipandishe zaidi."

Alisimama kwa vidole vya miguu, mtu mzima, mwenye magoti ya kuni. Saveta aliinama mpaka ncha yake ikakaribia nyasi bila kuzigusa. Mkate uliruka fundo, ukashuka kwa kasi, ukampiga kifuani. Aliukumbatia.

"Mungu amrehemu," alisema.

"Mungu amrehemu," mimi na Toader tulijibu.

Kazi ilikuwa imekwisha. Kitambaa sasa kilikuwa cha Saveta, na Toader alipaswa kukiachia. Hakukiachia. Na Saveta hakukivuta. Walisimama hivyo hivyo, kila mtu kwenye mstari wake, kitambaa kikiwa kimekazika kati yao kiasi kwamba mmoja akipumua mwingine anahisi. Gari la doria lilipita polepole barabarani. Askari alitoa kichwa dirishani, akatazama chokaa, barakoa, mshumaa, akarudisha kichwa, na gari likaendelea.

"Alisemaje mwishoni?" Saveta aliuliza.

"Alisema niseme tena. Nikasema tena."

"Hilo tu?"

"Na kwamba nisiwape ng'ombe mahindi mabichi."

Saveta aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa. Kengele ya kanisa la kijiji jirani ililia, na sote tulijua Bibi Ersilia anaamka. "Achia sasa, Toader."

Aliachia. Saveta alikikunja kitambaa kuanzia upande wake, mkono baada ya mkono, mpaka ncha aliyoishika mumewe ikawa ya juu kabisa. Hiyo hakuigusa, aliifunga kwenye mfuko safi kwa uangalifu, akauweka kwenye kikapu cha baiskeli. Mkate alikwenda nao umevikwa mkononi kama bangili.

Asubuhi iliyofuata mama wa ofisi ya afya alipiga simu mapema na kusema Toader yuko huru. Nilikwenda kumwambia nikamkuta ameshatandika kitanda, ameshafagia, na shati jeupe ameshalifua na kulivaa likiwa na unyevu. Mfuko wa nailoni ulikuwa umekunjwa juu ya meza.

"Nivuke?" aliuliza.

"Vuka."

Alikanyaga mstari wa chokaa kwa makusudi, akausugua kwa kiatu, akatoka langoni. Nilimtazama akipanda daraja. Alikuwa akienda haraka, mikono mitupu imening'inia pembeni, hajui aiweke wapi. Ng'ambo ya mfereji Saveta alikuwa ameshaitupa baiskeli kwenye nyasi.